Mbege Nzuri Huanza Kihambani

Maelezo kwa wenye vihamba wa Kibosho na miteremko ya Kilimanjaro

Katika Kibosho ni shida kupata shughuli isiyo na mbege. Posa, harusi, ubatizo, matanga, hata siku ya kupatanisha ndugu waliogombana: pipa la mbege huwa pale, na kata hupita mkono kwa mkono. Mwezi wa Desemba, watoto wanaofanya kazi mbali wanaporudi nyumbani, mapipa huongezeka maradufu.

Lakini si kila pipa hufika kwa wageni likiwa zima. Mara nyingine mwenye shughuli hufunua asubuhi akakuta siki, au maji mazito yasiyochacha, au harufu mbaya inayomfanya kila mtu ageuze uso. Hapo amepoteza mikungu ya ndizi ambayo ingeuzwa au kuliwa, amepoteza ulezi alionunua kwa fedha taslimu, amepoteza kuni, na amepoteza kazi ya siku nyingi. Zaidi ya hayo, lawama humwangukia mama aliyepika. Huambiwa ana mkono mbaya, au kwamba jirani alimwonea kijicho.

Hakuna mkono mbaya. Mbege huharibika kwa sababu zinazojulikana, nazo ni tatu: ndizi zisizofaa, kimea kibovu, na uchafu au kukosea saa mwishoni. Mbili za kwanza ni mambo ya ukulima, tena huanza wiki nyingi kabla ya moto kuwashwa. Ndiyo maana tunaeleza jambo hili katika kitabu cha kilimo cha mazao.

MBEGE NI KITU GANI

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Katika lugha ya Kichaga, mbege ni jina la ulezi wenyewe, na hilo latuonyesha jinsi wazee walivyoithamini nafaka hii. Ndizi hutoa sukari. Ulezi hutoa uzito, ladha na nguvu.

Si pombe zote za ndizi zilizo sawa. Wenzetu wa Kagera hutengeneza rubisi: hukanyaga ndizi mbivu pamoja na majani, wakakamua maji yake bila kupika, kisha huweka mtama. Sisi wa Kilimanjaro hupika ndizi kwanza, na badala ya mtama huweka ulezi uliooteshwa. Tofauti hiyo ni lazima ikumbukwe, kwa maana shauri linalofaa kwa rubisi huenda lisifae kwa mbege.

Yafaa pia kujua ni nini hufanyika ndani ya pipa. Ndizi mbichi ina wanga mwingi. Inapoiva, wanga hugeuka kuwa sukari. Hamira, ambayo ni viumbe vidogo sana wasioonekana kwa macho, hula sukari ile na kutoa kileo pamoja na hewa inayofanya povu. Hamira haiwezi kula wanga. Basi wanga wa ulezi lazima nao ugeuzwe sukari kwanza, na kazi hiyo hufanywa na kimea: punje inapoota hutengeneza kitu cha kuyeyusha wanga wake. Mwisho, kuna vijidudu vingine ambavyo hugeuza kileo kuwa siki vikipata hewa. Hivyo havikosekani; huingia na inzi, na vumbi, na chombo kichafu. Kazi ya mpishi ni kuisaidia hamira imalize kazi yake kabla vijidudu hivyo havijashika nguvu.

1. MIGOMBA

Tangu bei ya kahawa iliposhuka katika miaka ya 1990, nyumba nyingi zimeegemea zaidi migomba. Lakini vihamba vimegawanywa baba kwa mwana mpaka vimekuwa vidogo, na mgomba uliosongamana haulei mkungu mnene. Mkungu mwembamba una ngozi nyingi na nyama kidogo, nao hautoi sukari ya kutosha.

Kwa mbege, wengi hutumia ndizi ng'ombe. Mchare ni ndizi ya kupika nyumbani, ya mtori na kiburu. Si busara kuimaliza kwenye pipa huku watoto wakikosa chakula. Panga kihamba chako hivi: kwanza hesabu migomba ya kulisha nyumba, halafu ya kuuza, kisha ya mbege.

Mambo ya kufanya ni haya:

(a) Panda kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3. Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 60 au zaidi, na changanya debe moja au mawili ya samadi iliyooza na udongo wa juu.

(b) Chagua chipukizi lenye majani membamba kama sime, kutoka shina lisilo na ugonjwa. Chonga mizizi yote na uparue tunguu mpaka liwe jeupe. Kisha litumbukize katika maji yanayochemka kwa nusu dakika tu. Dawa hii haina gharama, nayo huua minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi.

(c) Katika kila shina acha migomba mitatu: mama, binti na mjukuu. Mingine ing'oe.

(d) Ukishakata mkungu, kata gogo na ulipasue vipande vidogo vikauke upesi. Gogo lililolala zima ni nyumba ya fukusi, yule mdudu mweusi ambaye funza wake hutoboa tunguu mpaka mgomba uanguke kwa upepo mdogo.

(e) Tandaza majani makavu shambani, ila yasiguse shina.

(f) Usilete miche kutoka mbali bila kumwuliza Bwana Shamba au Bibi Shamba. Mnyauko wa bakteria uliingia mkoa wa Kagera katika miaka ya 2000 ukaangamiza mashamba mengi. Nao huenezwa na miche na visu vya watu. Kisu kilichotumika katika kihamba kingine kipitishwe motoni kabla hakijagusa mgomba wako.

2. KUVUNA NA KUVUNDIKA

Kata mkungu uliokomaa, yaani ndizi zimejaa na pembe zake zimelainika. Mkungu uliokatwa mchanga utaiva kwa rangi tu. Ndani utabaki na wanga, na nyonyo yake haitachacha vizuri.

Vundika mikungu yote ya pipa moja siku moja, mahali pakavu penye joto, juu ya majani makavu na kufunikwa kwa majani. Katika vijiji vya juu karibu na msitu, ambako ni baridi, ndizi huchelewa. Huku chini kuelekea mjini Moshi huiva mapema. Usihesabu siku peke yake. Shika ndizi, imenye, ionje. Ikiwa laini, tamu, na ngozi ya manjano yenye madoa machache, ni tayari. Iliyo ngumu irudishe ingoje. Iliyooza au kuota ukungu itupe, wala usiseme kwamba moto utaisafisha.

Maganda wape ng'ombe. Mkungu hutoa chumvichumvi nyingi katika udongo, na maganda yakirudi shambani kwa njia ya samadi, pamoja na majivu ya jikoni, kihamba hulipwa deni lake.

3. ULEZI NA KIMEA

Zamani ulezi ulilimwa katika mashamba ya Wachaga kwa maji ya mifereji. Siku hizi sehemu kubwa hununuliwa sokoni, na mwingi hutoka mikoa ya mbali kama Rukwa. Kwa kuwa ndicho kitu kinachokugharimu fedha, ndicho kinachostahili uangalifu kuliko vyote.

Kabla ya kununua debe zima, omba konzi moja ukaijaribu. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kibichi, uzitazame baada ya siku 3. Zikiota 80 au zaidi, nunua. Zikiota chini ya hapo, ulezi ule wafaa uji wala haufai kimea, kwa sababu punje isiyoota haitengenezi kitu cha kuyeyusha wanga, yaoza tu. Mbegu iliyopakwa dawa ya rangi kwa ajili ya kupanda usiitumie kamwe. Ni sumu.

Mwenye shamba la tambarare aweza kulima ulezi wake mwenyewe wakati wa masika. Apande kwa mistari ya sentimita 30, apunguze miche ibaki sentimita 10 hivi kati ya mmoja na mwingine, na apalilie mapema, kwa maana ulezi mchanga hushindwa na magugu. Ulezi uliokaushwa vema hukaa ghalani muda mrefu bila kuliwa na wadudu, tofauti na mahindi.

Kuotesha kimea:

(a) Pepeta ulezi na uoshe mpaka maji yawe safi. Loweka siku moja, ukibadili maji asubuhi na jioni.

(b) Mwaga maji. Tandaza ulezi juu ya majani safi ya mgomba, kimo kisizidi vidole viwili, kisha funika. Ukirundika sana, katikati hupata joto na kuoza.

(c) Nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni, na uugeuze kwa mkono ulionawa. Siku 2 hadi 4 zatosha. Vimizizi vikifika urefu wa sentimita moja hivi, acha kunyunyiza.

(d) Anika juani juu ya mkeka au turubai, wala si chini udongoni. Kimea kikauke mpaka punje ivunjike kwa jino. Ukifika msimu wa mvua na ukungu wa mlimani, usioteshe kimea kingi kuliko unachoweza kukausha. Afadhali kuotesha miezi ya jua, ukaweka akiba katika chombo kikavu chenye mfuniko.

Hapa kuna hatari ambayo watu huidharau. Kimea kilichochelewa kukauka huota ukungu, na kuna aina za ukungu zinazotoa sumukuvu. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, wala haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi huharibika ini. Basi kimea chenye rangi ya kijani, nyeusi au kijivu, au chenye harufu ya uvundo, kifukie. Usikioshe ukakisaga. Usiwape kuku wala ng'ombe.

4. NYONYO

Menya ndizi, ziweke katika chombo kikubwa, mimina maji yazifunike, na uchemshe kwa saa kadhaa huku ukikoroga mpaka zivunjike na rangi iwe nyekundu ya kahawia. Hiyo ndiyo nyonyo. Mimina katika pipa safi, funika kwa kitambaa, iache ichache siku 3 hadi 5. Kwenye baridi huchelewa. Kwenye joto huwahi. Ukitaka uchachu uanze bila kusitasita, tia kata moja ya mbege nzuri nyonyo ikishapoa. Usitie ikiwa ya moto, kwa maana moto huua hamira.

Ikishachacha, chuja kwa kitambaa safi. Maji ndiyo unayoyahitaji. Machicha wape ng'ombe au nguruwe, kidogo kidogo.

5. MSO NA MSESEWE

Saga kimea. Koroga unga katika maji ya baridi kwanza, ndipo uweke motoni, na upashe polepole huku ukikoroga. Usimwage unga ndani ya maji yanayochemka. Sababu ni hii: kimea hugeuza wanga kuwa sukari wakati uji ukiwa moto wa kiasi, ukichemka, kazi hiyo hukoma pale pale. Anayeharakisha moto hupata uji mzito usio na utamu. Utamu ukishaonekana, acha uji uchemke uive. Uji huo wengi huuita mso.

Magome ya msesewe huchemshwa na maji yake machungu hutiwa kidogo ili kukata utamu. Msesewe una dawa ndani yake, nayo aina zake hugusa mapigo ya moyo na presha. Kwa hiyo kidogo ndicho kipimo. Tena, usiumenye mti kwa kuuzungusha, maana utakufa. Bandua utepe mwembamba upande mmoja, uache kidonda kipone kabla ya kurudi. Afadhali zaidi, panda msesewe wako mpakani mwa kihamba.

6. KUCHANGANYA

Acha mso upoe mpaka mkono uvumilie bila shida. Changanya na maji ya nyonyo yaliyochujwa, tia maji ya msesewe, koroga, funika. Ukichanganya jioni, mbege hunywewa kesho yake.

Hapa ndipo saa hupotea. Mbege haikai. Siku ya kwanza ni tamu. Siku ya pili ni kali. Baada ya hapo yaelekea kwenye siki. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli. Ikiwa harusi ni Jumamosi, changanya Ijumaa jioni, pika nyonyo Jumatatu au Jumanne, vundika ndizi wiki iliyotangulia, na kimea kiwe tayari mapema zaidi. Shughuli ikiahirishwa, usichanganye. Nyonyo na unga wa kimea vyaweza kungoja kidogo. Mbege iliyochanganywa haingoji.

7. MAJI NA VYOMBO

Maji ya mfereji hupita vihamba vingi na mazizi mengi kabla hayajafika kwako. Maji yoyote yanayotiwa baada ya kupika lazima yawe yamechemshwa na kupozwa.

Pipa lililowahi kuwekwa mrututu wa kahawa, dawa ya wadudu au mafuta ya mashine lisitumike, hata likioshwa mara kumi. Ndoo za bati lililopakwa zinki nazo hazifai kuwekea mbege, kwa sababu uchachu hula zinki na kuiingiza katika kinywaji. Tumia mti, udongo, chuma kisichoshika kutu, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Osha chombo mara baada ya kukitoa kitu, kisuuze kwa maji yanayochemka, kianike juani.

8. MAKOSA NA SABABU ZAKE

Nyonyo haitoi povu: ndizi hazikuiva sawasawa, au ulitia mbege ya kuanzishia nyonyo ikiwa moto, au kuna baridi. Sogeza pipa karibu na jiko.

Mbege nzito isiyo tamu: kimea hakikuota vema, au mso ulichemshwa haraka.

Mbege imekuwa siki upesi: chombo kichafu, inzi wameingia, au imechanganywa mapema mno.

Uchungu kupita kiasi: msesewe mwingi.

Harufu ya uvundo: kimea au ndizi zenye ukungu. Mwaga. Usionje.

9. SHERIA NA AFYA

Anayepika ili auze lazima awe na leseni. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 yahusu pombe za kienyeji pia. Ulizia ofisi ya kijiji au kata kabla ya kutundika alama mlangoni. Kugeuza mbege iliyochacha mno kuwa gongo kumekatazwa na sheria ya mwaka 1966. Tena gongo huua: vyombo vyake huwa vibovu, na wauzaji wengine huongeza spiriti ya viwandani, ambayo hupofusha macho na kuua.

Mbege ni kileo hata ikiwa tamu. Haifai kwa mtoto, kwa mama mjamzito, wala kwa mtu atakayeendesha gari au pikipiki. Wala isifanywe badala ya chakula. Ikiwa pipa limejaa na chungu cha watoto ni kitupu, kihamba hicho hakina faida.

10. HESABU

Nunua daftari. Kila upikapo, andika idadi ya mikungu, makopo ya kimea, debe za maji, siku za nyonyo, na gharama za ulezi na kuni. Andika pia ladha iliyopatikana. Pima kwa kopo lile lile kila mara. Baada ya mapishi matano utakuwa na kipimo chako mwenyewe, kinachofaa ndizi zako na baridi ya kijiji chako. Tena utajua kama ingekupa faida zaidi kuuza mikungu ile ikiwa mibichi, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka leo. Na siku pipa likiharibika, mama ataweza kufunua daftari akaonyesha ni wapi palipokosewa, badala ya kulaumiwa bure.

KWA UFUPI

Tunza migomba, ivune ikiwa imekomaa. Jaribu ulezi kabla ya kununua. Kausha kimea, na kilichoota ukungu kifukie. Pasha mso polepole. Changanya jioni ya kuamkia shughuli, wala si kabla. Chemsha maji, osha vyombo.

Ukishikwa na shida yoyote ya migomba au ya ulezi, mwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako. Kazi yao ni kuja kihambani kwako, nanyi mtatazama pamoja.